Paul Langevin, mtu aliyelipa jiwe masikio ya kusikia chini ya maji

Mama mjamzito anapolala kwenye kitanda cha ekografi, anapakwa kwanza ile dawa ya baridi tumboni, kisha kichwa kidogo cha mashini kinapitishwa juu ya ngozi. Kwenye ekra mtoto anaonekana: kichwa, mgongo, moyo unaopiga. Wengi wanafikiri mashini ile inapiga picha kama vile simu inavyofanya. Sivyo. Mashini ile haina jicho. Inatuma sauti ambayo sikio la mtu haliwezi kusikia, sauti inaingia tumboni, inagonga mtoto na kurudi, na mashini inahesabu ilichukua muda gani kurudi. Ni kama mtoto wa Masisi anayepiga kelele akielekea kilima cha ng'ambo, na kilima kinamjibu.

Namna hiyo ya kuona kwa kusikia haikuanzia lopitali. Ilianzia vitani, kwa kutafuta nyambizi, zile meli za vita zinazopita chini ya maji bila mtu kuziona. Aliyeifanikisha ni profesa Mfaransa aitwaye Paul Langevin, na chombo chake kilikuwa kipande cha jiwe. Jiwe lenyewe linaitwa kwatzi. Wakreseri wa Rubaya wanalijua vizuri hata kama hawaliiti hivyo: ni lile jiwe gumu, jeupe au linalong'aa kama kioo, linalokaa pamoja na koltani ndani ya mwamba na ambalo linatupwa pembeni kwa sababu hakuna anayelinunua.

Langevin alizaliwa Paris, kwenye mtaa wa Montmartre, tarehe 23 mwezi wa kwanza 1872. Miezi michache mbele ya kuzaliwa kwake, Paris ilikuwa imezingirwa na Wajerumani, watu wakala hadi panya, na kisha mwezi wa tano 1871 jeshi la Ufaransa lenyewe liliua maelfu ya raia wa mji huo walioasi serikali. Wazazi wake waliyaona hayo kwa macho. Baba alikuwa fundi wa kupima na kuhakikisha kazi za ujenzi. Nyumbani hapakuwa na utajiri, lakini kijana alikuwa wa kwanza darasani karibu kila mwaka.

Akiwa na miaka 16 aliingia katika shule ya fizikia na kemia ya mji wa Paris. Ilikuwa shule mpya, iliyofundisha mikono na kichwa pamoja, tofauti na shule kubwa za watoto wa matajiri. Katika maabara, mwalimu wake aliitwa Pierre Curie, kijana mpole aliyekuwa hajulikani bado. Mwaka wa 1880 Pierre na kaka yake Jacques walikuwa wamegundua kitu cha ajabu: ukilibana jiwe la kwatzi lililokatwa vizuri, linatoa umeme kidogo. Mwaka uliofuata wakahakikisha kwamba kinyume chake pia ni kweli: ukilipa umeme, jiwe linajinyoosha na kujikunja, kidogo sana, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Kwa miaka mingi hakuna aliyeona faida kubwa ya jambo hilo, isipokuwa Pierre mwenyewe, aliyetengeneza nalo chombo cha kupimia umeme mdogo mno. Mke wake Marie alitumia chombo hicho kupima miale ya radiamu. Langevin aliyaona yote hayo kwa karibu, na yalimkaa kichwani.

Mwaka wa 1897 alipata pesa za kwenda kusoma mwaka mmoja Cambridge, Uingereza. Huko alikutana na kijana mwingine aliyetoka mbali, mtoto wa mkulima wa New Zealand, Ernest Rutherford. Wakawa marafiki wa maisha. Aliporudi Ufaransa alioa, akapata watoto wanne, akafanya udaktari mwaka wa 1902, na mwaka wa 1905 akaeleza kwa hesabu kwa nini vitu vingine vinavutwa na sumaku na vingine vinasukumwa. Hesabu hiyo inafundishwa hadi leo kwenye vyuo vikuu. Mwaka wa 1909 akawa profesa wa Collège de France, kiti ambacho Mfaransa mwenye elimu anakiota.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi 1911, tajiri Mbelgiji Ernest Solvay aliwaita Brussels wanafizika wakubwa wa Ulaya. Ilikuwa miaka mitatu tu tangu Kongo itolewe mikononi mwa mfalme Leopold na kuwa koloni la Ubelgiji. Kwenye picha maarufu ya mkutano huo, Langevin amesimama mwishoni kabisa upande wa kuume, Einstein yuko kando yake, na Marie Curie amekaa mbele, mwanamke peke yake kati ya wanaume wote.

Mkutano ulikuwa bado haujapoa wakati magazeti ya Paris yalipolipuka. Pierre Curie alikuwa amekufa tangu 1906, aligongwa na gari la farasi. Ndoa ya Langevin ilikuwa na ugomvi wa miaka mingi. Yeye na Marie walikuwa wamependana, barua zao zikaibwa, na vipande vyake vikaandikwa gazetini. Marie alitukanwa kama mgeni aliyekuja kuvunja nyumba ya Mfaransa, watu wakakusanyika mbele ya mlango wake na mawe. Tarehe 25 mwezi wa kumi na moja 1911, Langevin alikwenda kupigana kwa bastola na mwandishi Gustave Téry, aliyetoa barua hizo. Walisimama wakitazamana, Téry akakataa kuinua silaha yake, Langevin naye akashusha ya kwake, na hakuna risasi iliyotoka. Mwezi uliofuata Marie alikwenda Sweden kupokea tuzo yake ya pili ya Nobel, ingawa kuna waliomshauri asije. Kazi ya uandishi haikujipatia sifa katika jambo lile.

Kisha ikaja vita ya kwanza ya dunia. Huku Kivu vita hiyo ilifika mapema: mwezi wa tisa 1914 Wajerumani waliteka kisiwa cha Idjwi, na baadaye askari wa Force publique pamoja na maelfu ya wapagazi walipelekwa Rwanda hadi Tabora. Kwenye maziwa ya huku, adui alikuwa anaonekana juu ya maji. Baharini haikuwa hivyo. Nyambizi za Wajerumani zilijificha chini, zikapiga na kupotea. Tarehe 7 mwezi wa tano 1915, meli ya abiria Lusitania ilizamishwa karibu na Ireland, watu karibu 1200 wakafa. Mwezi wa nne 1917 peke yake, meli zenye ujumla wa zaidi ya tani 800.000 zilikwenda chini. Uingereza, nchi inayokula chakula kinachokuja kwa meli, ilianza kuogopa njaa.

Serikali zikajaribu kila kitu. Uingereza ilifikia hatua ya kuchukua simba wa baharini kutoka kwa mtu wa sarakasi na kuwafundisha kufuata sauti ya nyambizi. Wanyama wale walijifunza kweli, shida ni kwamba wakiona samaki waliacha kazi. Njia iliyotumika zaidi ilikuwa kuteremsha majini chombo kama mikrofoni na kumweka askari asikilize. Rutherford, yule rafiki wa Cambridge, alifanya kazi hiyo kwenye tangi kubwa la maji Manchester. Askari walifundishwa kutofautisha kelele: hii ni propela ya meli ya mizigo, hii ni mashini ya nyambizi, hii ni mawimbi tu. Katika vita ya pili Wamarekani walirekodi sauti hizo kwenye sahani za gramafoni na kuzitumia darasani, pamoja na kelele za kambakamba wadogo wa bahari ya joto, ambao wakipiga kwato zao kwa pamoja wanafanya mlio kama wa moto unaounguza majani makavu. Aliyefanya kazi ya redio anaelewa: sikio linafundishwa kwa kusikia tena na tena.

Lakini kusikiliza kulikuwa na kasoro mbili kubwa. Meli inayosikiliza ilibidi izime mashini yake, la sivyo ilisikia kelele zake yenyewe, na meli iliyosimama ni shabaha rahisi. Tena, nyambizi iliyozima mashini na kunyamaza chini ilikuwa salama kabisa. Hakuna sikio linaloweza kumsikia mtu asiyesema.

Mwanzoni mwa 1915, injinia Mrusi aliyekuwa Uswisi kwa ugonjwa wa mapafu, Constantin Chilowsky, aliandikia serikali ya Ufaransa. Wazo lake: tusingoje nyambizi iongee, tutume sauti yetu sisi, igonge chuma chake na kurudi. Wazo la namna hiyo lilikuwa limeanza kuzungumzwa tangu Titanic ilipogonga barafu mwaka wa 1912. Barua ilifika mikononi mwa Langevin. Aliona mara moja kwamba wazo ni zuri ila vyombo vilivyopendekezwa havingefaa, na mwezi wa tatu 1915 kazi ikaanza, majaribio yakifanyika kwenye mto Seine katikati ya Paris.

Shida ilikuwa hii. Sauti ya kawaida, kama ya honi au ngoma, inasambaa pande zote, na mwangwi wake hauelezi kitu kiko wapi. Ili sauti iende kwa mstari kama mwanga wa tochi, lazima iwe nyembamba sana, yaani itetemeke mara nyingi mno kwa sekunde. Sikio la mtu linaishia kwenye mitetemo kama 20.000. Langevin alihitaji 40.000 na zaidi. Hakuna ngoma wala chuma cha wakati huo kilichoweza kutetemeka hivyo kwa nguvu ndani ya maji na kisha kusikia jibu lake.

Alijaribu kwanza kwa mica na umeme, na mikrofoni ya makaa kwa upande wa kupokea. Mwaka wa 1916 yeye na Chilowsky waliandikisha uvumbuzi kwa majina yote mawili, kisha Mrusi akaondoka kwenye kazi na Langevin akahamia Toulon, bandari ya jeshi la maji kusini mwa Ufaransa. Ni hapo, mwanzoni mwa 1917, alipolikumbuka jiwe la mwalimu wake. Jiwe linalotoa umeme likibanwa linaweza kusikia mwangwi, kwa sababu sauti ni msukumo tu. Na jiwe linalotetemeka likipewa umeme linaweza pia kutuma sauti. Masikio na mdomo ndani ya kitu kimoja.

Kwatzi nzuri na kubwa haikuwa rahisi kupata wakati wa vita. Jiwe la kwanza lilitoka kwa fundi wa lensi wa Paris aliyekuwa analiweka kama pambo la kuonyesha wateja. Likakatwa vipande. Baadaye Langevin alipata akili nyingine: badala ya kutafuta jiwe moja kubwa, alipanga vipande vidogo kama vigae na kuvibana katikati ya sahani mbili za chuma cha pua, kama nyama ndani ya mkate. Chuma na jiwe vikatetemeka pamoja, na nguvu ikaongezeka mara nyingi. Mwezi wa pili 1918 sauti yake ilisafiri kilomita 8 ndani ya maji, na kwa mara ya kwanza mwangwi ulirudi wazi kutoka kwenye nyambizi. Hesabu yenyewe ni ya mtoto wa shule: sauti majini inakimbia mita 1500 kwa sekunde, basi mwangwi ukirudi baada ya sekunde 2, nyambizi iko mita 1500, kwa kuwa sauti imekwenda na kurudi.

Jambo lingine lilionekana Toulon, na Langevin hakulificha. Samaki wadogo waliopita karibu na chombo kile kikiwa kinafanya kazi walikufa. Mtu akiingiza mkono majini mbele yake alisikia maumivu. Ilikuwa mara ya kwanza watu kuona kwamba sauti isiyosikika inaweza kugusa mwili. Ndiyo maana ekografi ya leo inatumia nguvu ndogo sana ikilinganishwa na ile, na kwa muda mfupi.

Kwa vita ile, chombo kilichelewa. Silaha ziliwekwa chini tarehe 11 mwezi wa kumi na moja 1918 mbele ya meli kuanza kukitumia. Lakini siri ilikuwa imeshavuka mipaka: mwaka wa 1917 Wafaransa na Waingereza, akiwemo Rutherford, walikwenda Marekani kuwaeleza washirika wao. Mmoja aliyesikia maelezo hayo, profesa Walter Cady, aliendelea kucheza na kwatzi na kuona kwamba kila kipande kina mtetemo wake mmoja ambao hakitaki kuuacha. Mwaka wa 1921 alitengeneza nacho chombo cha kushikilia wimbi la redio mahali pamoja. Fonie ya parokia kule Walikale, redio ya kijiji inayobaki kwenye namba yake ya FM bila kuhama, saa ya mkononi ya bei ndogo: ndani ya hivyo vyote kuna kipande cha kwatzi. Nao Waingereza na Wamarekani walipofika vita ya pili, mashini ya mwangwi iliyotokana na kazi ya Toulon ndiyo waliyowindia nyambizi kwenye bahari ya Atlantiki.

Langevin mwenyewe alikuwa amechoka na vita. Katika miaka ya 1920 alisaidia kugeuza chombo chake kuwa cha kupima kina cha bahari, ili meli zisipande juu ya miamba. Alimleta Einstein kuongea Paris mwaka wa 1922, wakati Wafaransa wengi hawakutaka kusikia mtu wa kutoka Ujerumani. Aliwatetea mabaharia waliofungwa kwa kukataa kupigana kwenye Bahari Nyeusi. Mwaka wa 1931 alikwenda China na wengine kwa ajili ya kutazama shule. Hitler alipochukua serikali, Langevin alikuwa kati ya wasomi watatu walioanzisha, mwaka wa 1934, kamati ya kupinga ufashisti. Marafiki walimlalamikia kwamba anapoteza muda wa fizikia kwenye mikutano. Inawezekana walikuwa na haki, kwa sababu baada ya 1930 hakuandika tena kazi kubwa kama zile za ujana. Yeye aliona kwamba mtu aliyewapa wanajeshi chombo hana ruhusa ya kukaa kimya kuhusu wanachokifanya.

Wajerumani waliingia Paris mwezi wa sita 1940. Tarehe 30 mwezi wa kumi walimkamata Langevin, mzee wa miaka 68. Alifungwa katika gereza la La Santé, na inasimuliwa kwamba aliendelea na hesabu zake akiandika kwa vijiti vya kibiriti vilivyoungua. Wanafunzi walijaribu kuandamana tarehe 8 mwezi uliofuata, siku ambayo angefundisha, na siku tatu baadaye, tarehe 11, maelfu ya vijana wakajaza barabara za Paris mbele ya askari wa Ujerumani. Ilikuwa kati ya maandamano ya kwanza ya wazi dhidi ya wavamizi. Baada ya siku kama arobaini alitolewa gerezani na kufungiwa katika mji wa Troyes, bila ruhusa ya kutoka.

Pigo baya zaidi lilimfikia akiwa huko. Mkwe wake Jacques Solomon, mwanafizika pia, alipigwa risasi na Wajerumani tarehe 23 mwezi wa tano 1942 kwa sababu ya kuchapisha magazeti ya siri. Binti yake Hélène, mjane wa Jacques, alipelekwa kwenye kambi ya Auschwitz mwezi wa kwanza 1943 pamoja na wanawake wengine 229. Wengi wao hawakurudi. Mzee hakujua kama mtoto wake yuko hai. Mwaka wa 1944, watu wa upinzani walimtoa Troyes na kumvusha hadi Uswisi kwa karatasi zenye jina lisilo lake.

Alirudi Paris mwezi wa tisa mwaka huohuo, mji ulipokwisha kukombolewa, akaingia chama cha kikomunisti, chama cha Jacques. Hélène alirudi mwaka wa 1945, akiwa hai, na mwaka huohuo akachaguliwa kuwa mbunge. Serikali ilimpa Langevin kazi ya kuongoza tume ya kupanga upya shule zote za Ufaransa. Mpango wake ulitaka kila mtoto, wa mkulima na wa waziri, asome bure hadi miaka 18, na kazi ya mikono iheshimiwe sawa na ya kalamu, kama katika ile shule aliyoingia akiwa na miaka 16. Hakuumaliza. Alikufa tarehe 19 mwezi wa kumi na mbili 1946, na mwenzake Henri Wallon akauwasilisha mwaka wa 1947. Sehemu kubwa ya mpango huo haikutekelezwa, ingawa walimu wa Ufaransa wanautaja hadi leo.

Ekografi hakuiona kwa macho. Daktari Ian Donald wa Glasgow, Scotland, ndiye aliyeonyesha mwaka wa 1958 kwamba mwangwi unaweza kuonyesha mtoto tumboni, na alianza kwa mashini ya kiwanda iliyotengenezwa kwa ajili ya kutafuta nyufa ndani ya vyuma. Mashini za leo hazitumii tena jiwe lililochimbwa, zinatumia udongo maalum uliochomwa kiwandani, lakini kinachofanyika ndani ni kilekile cha Toulon: umeme unaingia, kitu kinatetemeka, sauti inakwenda, mwangwi unarudi, umeme unatoka.

Mwaka wa 1948 mwili wa Langevin uliingizwa Panthéon, jumba ambamo Ufaransa inalaza watu wake wakubwa. Mwaka huohuo mjukuu wake Michel, mwanafizika, alimwoa mwanafizika mwenzake aitwaye Hélène Joliot. Bibi yake huyo binti alikuwa Marie Curie.